Uondoke chuo mapema uingie NBA au ubaki? Tuwapime Thabeet na Tshiebwe

Wadau wa kikapu, kila ikifika mwezi wa nne, ligi ya vyuo Marekani ikishaisha, linarudi swali lile lile: dogo amekiwasha chuoni, aingie drafti ya NBA (siku timu za ligi kuu ya kikapu Marekani zinachagua wachezaji wapya kwa zamu, kuanzia namba 1) sasa hivi au arudi amalizie miaka yake? Alafu mabishano yanaanza, huyu anakutajia aliyeondoka baada ya mwaka mmoja akawa staa, yule anakutajia aliyeondoka baada ya mwaka mmoja akapotea, mnabishana mpaka bando linakata. Mi naona njia hiyo haisaidii, maana unampima mtu kwa mambo yaliyokuja kutokea miaka mitano mbele ambayo siku anaamua hakuna aliyekuwa anayajua. Cha kuangalia ni siku ile anaamua alikuwa anatajwa namba ngapi kwenye drafti, akibaki nani anamlipa, na pasipoti yake ya wapi. Basi. Na hilo la pasipoti ndo watu wanalisahau kuliko yote, wakati kwa mchezaji aliyetoka huku kwetu ndo linaamua karibu kila kitu.

Kwanza tuwekane sawa kwenye sheria. Tangu drafti ya 2006 huwezi kutoka sekondari ukaingia NBA moja kwa moja, lazima uwe unatimiza miaka 19 mwaka huo wa drafti na uwe umepitisha mwaka mmoja tangu darasa lako limalize sekondari. Kwahiyo "mapema" maana yake ni baada ya mwaka mmoja, miwili au mitatu ya chuo, badala ya minne. (Kwa madada huo mjadala karibu haupo, WNBA inataka mchezaji wa chuo cha Marekani awe anatimiza miaka 22 mwaka wa drafti au awe amemaliza masomo.) Drafti ina raundi mbili, timu 30, majina yanakuwa 60 au pungufu kidogo kama kuna timu imenyang'anywa chaguo lake. Majina 60 kwa dunia nzima, tena siku hizi wamo na Wafaransa na Waserbia ambao chuo hata hawajakanyaga.

Sasa tuwachukue watu wawili, wote masenta (wale warefu wa chini ya pete), wote wametoka miji ambayo Kiswahili ndo lugha ya mtaani.

Wa kwanza Hasheem Thabeet wa Dar. Alicheza chuo cha UConn miaka mitatu. Angeweza kuondoka 2008 baada ya mwaka wa pili, akabaki, na kubaki kulimlipa kwelikweli, msimu wa 2008/09 alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi (mipira anayookota mtupo ukikosa) 10.8 na bloku (mitupo anayoizuia) 4.2 kwa mechi, timu ikafika nusu fainali ya taifa kule Detroit. Akaondoka akiwa bado ana mwaka mmoja. Memphis wakamchukua namba 2, mbele ya James Harden namba 3 na Stephen Curry namba 7, waliokuja kuwa mastaa wakubwa, Mtanzania wa kwanza kufika NBA. Yaliyofuata mnayajua, mwaka wa kwanza wastani wa pointi 3.1, mwezi wa pili 2010 akashushwa ligi ya chini kwenda Dakota Wizards, akapelekwa Houston, Portland, Oklahoma City, baadae akacheza Japan na Taiwan.

Bongo akitajwa Thabeet kuna watu lazima wacheke, "namba mbili mbele ya Curry!" Haya, nambie, angefanya nini tofauti? Angebaki mwaka wa nne angepanda kwenda wapi? Juu ya namba 2 kuna namba 1 tu, na mwaka unaofuata, 2010, kulikuwa na John Wall na DeMarcus Cousins wametoka Kentucky wote, angeingia kwenye foleni ngumu zaidi, na umri umesogea. Ule udhaifu wake, miguu mizito na mwili mwembamba kwa senta wa futi 7 na inchi 3, skauti wangekuwa na mwaka mzima mwingine wa kuutazama. Mkataba wa namba 2 ulimpa zaidi ya dola milioni 4 mwaka wa kwanza tu, miaka miwili ya mwanzo ni ya uhakika hata akikaa benchi, na wa tatu akalipwa pia. Uamuzi wa kuondoka ulikuwa sahihi kabisa, kilichomshinda ni mchezo wenyewe, na mchezo ungemshinda hivo hivo akiwa na digrii mkononi.

Wa pili Oscar Tshiebwe wa Lubumbashi. Alianzia West Virginia, akahamia Kentucky, na msimu wa 2021/22 alikuwa anaokota ribaundi 15.1 kwa mechi, akachukua tuzo ya mchezaji bora wa vyuo vyote. Kwa akili ya kawaida unasema huyu anaondoka kesho asubuhi. Akarudi chuo! Alafu 2023 alivyoingia drafti, majina yote yakasomwa mpaka mwisho, lake halikusomwa. Alikuwa ana miaka 23 tayari. Indiana wakampa mkataba wa njia mbili (huku timu kubwa, huku timu ndogo), baadae akaenda Utah kwa mkataba wa aina hiyo hiyo.

Watu wakasema si unaona, angeondoka 2022 akiwa bado wa moto. Taratibu jamani. Hata 2022 na tuzo yake ile wengi walikuwa wanamtaja raundi ya pili, maana timu za NBA zilikuwa zinaona senta asiyekuwa mrefu sana, hapigi pointi tatu, hazuii pete kwa bloku. Tuzo ya chuo inasema umefanya nini chuoni, drafti inauliza utafanya nini ukiwa na miaka 26, na hivo ni vitu viwili tofauti. Sasa mtu wa raundi ya pili aliyebaki, huo mwaka aliingiza nini? Hapo ndo stori inanoga.

Tangu tarehe 1 mwezi wa saba 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kuuza jina na sura zao, matangazo, kusaini jezi, vitu kama hivo. Ila Tshiebwe alikuwa na viza ya mwanafunzi, ile F-1, ambayo haikuruhusu ufanye kazi nje ya chuo bila kibali. Mmarekani anayekaa naye bwenini anapiga tangazo la duka la magari anachukua chake, yeye mchezaji bora wa nchi nzima anaangalia tu. Dawa ikapatikana mwezi wa nane 2022 pale Kentucky walipoenda Bahamas kucheza mechi za kirafiki. Kazi inahesabiwa mahali ilipofanyika, na Bahamas sio Marekani, kwahiyo ndani ya ile safari jamaa akawa anapigwa picha, anarekodi video, anasaini vitu, mechi zikiisha anaendelea, dili za mwaka mzima zimebanwa kwenye siku chache za safari. Magazeti yakaja kutaja karibu dola milioni 2. Weka hiyo pembeni ya mshahara wa mkataba wa njia mbili alafu unambie nani alikosea hesabu.

Tuje kwenye hela zenyewe basi, maana maneno ni mengi. Kwa msimu wa 2024/25 NBA ilikuwa hivi:

Namba 1 kwenye drafti: kama dola milioni 12.6 kwa mwaka wa kwanza.
Namba 30, yani wa mwisho raundi ya kwanza: kama milioni 2.5.
Mkataba wa kima cha chini kwa mgeni wa ligi: kama milioni 1.16.
Mkataba wa njia mbili: nusu ya hiyo, kama laki tano na elfu sabini na nane.
Mkataba wa kawaida wa G League, ile ligi ya chini ya NBA: elfu arobaini na kitu.

Angalia hapo kati ya namba 30 na namba 31. Raundi ya kwanza mshahara umepangwa kwa jedwali, miaka miwili una uhakika, wa tatu na wa nne timu inaamua. Raundi ya pili hakuna jedwali, kila mtu na ajenti wake wanajitetea, kuna anayepata mkataba mzuri wa miaka mitatu minne na kuna anayepewa njia mbili, ambayo maana yake unakuwa na timu kubwa kwenye mechi zisizozidi 50, siku zilizobaki uko na timu ndogo, na wanaweza kukuacha muda wowote. Jalen Brunson alibaki Villanova miaka mitatu, akabeba ubingwa mara mbili, 2016 na 2018, bado akaitwa namba 33. Draymond Green miaka minne Michigan State, namba 35. Hao walitoboa, sawa, ila usijipangie maisha kwa kutegemea utakuwa Brunson.

Upande wa chuo nao umebadilika sana. Mwaka 2025 mwezi wa sita jaji aliidhinisha makubaliano yanayoruhusu vyuo vyenyewe kuwalipa wachezaji moja kwa moja, kwa mwaka wa 2025/26 mwisho ni kama dola milioni 20.5 kwa chuo kimoja, michezo yote ikiwemo, na juu yake kuna dili za nje. Na kuhama chuo siku hizi ni kama kuhama laini ya simu. Ndo maana 2021 wachezaji zaidi ya 350 walijiandikisha mapema kwenye drafti na 2025 wakawa 106 tu. Yaxel Lendeborg, aliyekuwa UAB, alikuwa anatajwa mwishoni mwa raundi ya kwanza mwaka huo, akajitoa drafti akaenda Michigan. Miaka kumi nyuma mtu kama huyo angeonekana kichaa, leo kama ofa ya chuo inafanana au inazidi mshahara wa namba 28, kuna ukichaa gani?

Lakini kuna hesabu moja inayowapa nguvu wanaosema ondoka, na haizungumzwi sana. Hela kubwa ya NBA iko kwenye mkataba wa pili. Ukiondoka na miaka 19, mkataba wa kwanza unaisha ukiwa na 23, na hapo mchezaji wa juu anaweza kudai asilimia 25 ya kikomo cha mishahara cha timu, ambacho 2024/25 kilikuwa dola milioni 140 na ushee, yani kama milioni 35 kwa mwaka. Ukibaki miaka minne, mkataba huo wa pili unakukuta na 26. Miaka mitatu ya mshahara mkubwa umeiacha njiani na hairudi. Hii inamhusu yule wa namba 1 mpaka 14 hivi, wa kwenye lotari. Mtu kama Cooper Flagg aliyekaa Duke mwaka mmoja akaitwa wa kwanza na Dallas 2025, hata umpe chuo kizima hakuna sababu ya kubaki. Khaman Maluach vile vile, mtoto wa Sudan Kusini aliyekulia Kawempe, Kampala, akapita akademi ya NBA kule Saly, Senegal, Duke mwaka mmoja, namba 10 mwaka 2025, akaenda Phoenix. Mtu ana viza ya mwanafunzi, anatajwa ndani ya kumi bora, huyo mnamshauri nini zaidi ya kumsaidia kufunga begi?

Majeraha. Hapa kila mtu ana mfano wake na mifano yenyewe inagongana. Jontay Porter 2018 alijitoa drafti akarudi Missouri, mwezi wa kumi goti likakatika, kabla hajakaa sawa likakatika tena, 2019 hakuitwa na timu yoyote. Nerlens Noel goti lilikatika mwezi wa pili 2013 akiwa Kentucky, bado akaitwa namba 6. Tofauti yao ni kwamba Noel thamani yake ilikuwa juu mno kabla hajaumia. Jared Sullinger alirudi Ohio State wakati 2011 alikuwa anatajwa juu kabisa, mwaka uliofuata madaktari wakatilia shaka mgongo wake akashuka mpaka namba 21. Kwa mwenye historia ya kuumia mi nasema ondoka, tena haraka, mwili hausubiri muhula uishe.

Kuhusu kukua kimchezo, huu ubishi nadhani unakuzwa. Wengine wanasema NBA ndo unajifunza na wanaume, wengine chuo unapata dakika nyingi. Inategemea unakosa nini. Curry 2008 alikuwa ameipeleka timu ya chuo cha Davidson hatua moja kabla ya nusu fainali, jina lake liko kila mahali, akarudi mwaka mmoja makusudi ili acheze pointi gadi, yule anayeendesha mchezo, maana alijua NBA hawatamchukua kama mfungaji tu kwa umbo lile. Hiyo ni sababu, ina jina na ina mwisho. Zach Edey wa Purdue naye alijaribu 2023, akaona hawamtaki kivile, akarudi, akachukua tuzo ya mchezaji bora mara ya pili mfululizo, akafika fainali, 2024 akaitwa namba 9 na Memphis. Anthony Bennett yeye aliondoka UNLV baada ya mwaka mmoja, namba 1 mwaka 2013, ndani ya misimu minne NBA ikawa imeisha kwake. Sasa Bennett alikosea kuondoka? Umeitwa namba moja duniani ukatae? Ukinambia "narudi chuo nikue" nitakuuliza kukua wapi, mkono wa kushoto? mitupo huru? Kama huna jibu, kocha ndo anakuhitaji wewe. Na hapo kuwa makini, kocha mkuu wa chuo analinda kibarua chake, ajenti anatafuta asilimia zake, wote watakuja nyumbani kumwita bi mkubwa wako "mama" na wote watasema wanakutakia mema.

Shule nayo tusiizungushe sana. Tim Duncan alibaki Wake Forest miaka minne kwa sababu marehemu mama yake aliwataka wanae wamalize chuo, na bado akaitwa namba 1 mwaka 1997. Curry aliondoka bila digrii akaja kuichukua 2022. Digrii inasubiri, ila inamsubiri mwenye hela ya kurudi kuisoma, ndo maana kwa yule wa raundi ya pili au asiyetajwa kabisa mwaka mmoja wa darasani una thamani kubwa kuliko kwa Flagg.

Kulikuwa na mlango wa tatu pia, na Wakongo waliupita sana. Bismack Biyombo wa Lubumbashi alikwenda Hispania kucheza Fuenlabrada, akaitwa namba 7 mwaka 2011, chuo hakukanyaga. Emmanuel Mudiay wa Kinshasa akaacha nafasi ya chuo cha SMU akaenda China 2014, naye namba 7. Jonathan Kuminga aliyezaliwa Goma akapita G League Ignite, timu ya vijana wanaolipwa wakisubiri drafti, namba 7 tena, 2021 (hii namba 7 na Wakongo sijui wameandikiana nini). Ile Ignite imefungwa 2024, maana vyuo vilivyoanza kutoa hela nani tena aende huko. Ulaya bado ipo wazi.

Turudi kwenye pasipoti. Mchezaji wa kigeni mwenye F-1 anayetajwa ndani ya namba 24 za kwanza, mi nasema aondoke bila kuangalia nyuma, kwa sababu mwenzake Mmarekani anayebaki anabaki analipwa, yeye akibaki anahatarisha goti lake na kibali chake cha kukaa nchini kwa wakati mmoja. Edey, Mkanada, alilalamika waziwazi kwamba angekuwa Mmarekani angekuwa anaingiza hela ya maana. Akishasaini na timu anahamia viza ya wanamichezo wa kulipwa, hapo matangazo yanafunguka. Anayetajwa kati ya 25 na 40 ndo mwenye kazi ngumu, huyo aulize chuo kwa maandishi watamlipa nini na mwanasheria wa uhamiaji anasemaje, sio kocha anasemaje. Anayetajwa kuanzia 41 kwenda mbele, au asiyetajwa kabisa, abaki. Ajipange safari ya Bahamas kama kina Tshiebwe, lakini abaki.

Na asiamue gizani wakati kujaribu ni bure. Unajiandikisha drafti, ukialikwa unaenda kombaini ya Chicago mwezi wa tano, unapimwa urefu bila viatu, urefu wa mikono, unaruka, unahojiwa na timu moja baada ya nyingine, ajenti unaruhusiwa ilimradi awe ameidhinishwa na NCAA (wasimamizi wa michezo ya vyuo) na umuache ukirudi. Kuna tarehe mbili za kujitoa na watu wanazichanganya. Ya NCAA ni siku kumi baada ya kombaini, ya NBA ni siku kumi kabla ya drafti, na ya NBA inakuja baadae. Ukijitoa katikati ya hizo mbili ukidhani umewahi, jina linatoka drafti sawa, lakini chuoni nako hauchezi tena, unaanza kutafuta timu Ulaya mwezi wa sita. Weka alamu kwenye ile ya NCAA.